Darasa Moja, Kitabu Kimoja, Muhula Mmoja

Ndugu zangu walimu, wazazi, wahitimu wa shule zetu, nanyi mnaokaa kwenye bodi na kamati za shule: muhula wa pili unafunguliwa Julai, na nina ombi moja kwenu kabla kengele haijagongwa. Kila darasa litakaloweza, kuanzia la tano la shule ya msingi hadi kidato cha nne, lichague kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili. Kisomwe kwa sauti, pamoja, dakika kumi na tano kila siku ya shule, mpaka ukurasa wa mwisho. Kisiwe na jaribio wala maksi, na mtu asiandike notsi. Kianze, kinoge, kiishe.

Natoa ombi hili kwa sababu tumechoka kusikia wimbo uleule. Kwenye vikao vya wazazi, kwenye daladala, hata msibani, utasikia kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Simu italaumiwa, kisha mpira wa Ulaya, kisha bongo fleva. Lakini watoto haohao wanafuatilia simulizi za kwenye simu kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya sitini, na mtunzi akichelewesha sehemu mpya wanamwandikia kumdai. Wazazi wao walikuwa vivyo hivyo. Walinunua magazeti ya udaku na burudani kwa ajili ya hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, wakafungua ukurasa wa hadithi kabla ya habari yoyote, na wakaguna walipofika kwenye neno "itaendelea". Wengine waliazimana jarida la Sani mpaka karatasi zikalegea, ili wajue Ndumilakuwili kafanya vituko gani safari hii. Nao enzi zao walisemwa kwamba hawapendi kusoma.

Mtoto wa Kitanzania hana ugomvi na hadithi. Tuangalie inavyomfikia akiwa darasani.

Wanaijua dhamira, hawaijui hadithi

Chukua Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo wanafunzi wengi wa sekondari nchini wameipitia kama kitabu teule. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mila yake haimruhusu mtoto wa namna hiyo kuishi, naye anaamua kukimbia na mwanawe. Hapa kwetu, hasa Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wamewindwa, wakakatwa viungo na kuuawa. Katika nchi kama hii, hadithi hiyo ingetosha kulinyamazisha darasa zima. Mwanafunzi mmoja angejiuliza mama yake angefanya nini. Mwingine angemtazama mwenzake mwenye kofia pana, aliyekaa mbali na dirisha, kwa jicho jingine kabisa.

Lakini wangapi wanakutana na Sekai mwenyewe? Wengi wanakutana na tahakiki: dhamira, migogoro, ujumbe, wahusika na sifa zao, matumizi ya tamathali za semi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Wanakariri sifa tano za Sekai bila kutembea naye hata hatua moja. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo nayo yameikuta hayohayo. Mwanafunzi anakutajia umaskini na ulevi kwa mpangilio mzuri wa hoja, lakini hajawahi kukaa na Peter na Zita siku wanaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, ingawa huenda yeye mwenyewe ana kaka aliyeishia mtaani kwa sababu hizohizo.

Simlaumu mwalimu kwa hili. Ana wanafunzi sabini au zaidi, ana nakala chache za kitabu, ana mada za kumaliza, na matokeo ya mtihani wa taifa yanamsubiri yeye na mkuu wake wa shule. Tahakiki inamvusha. Hasara inakuja baadaye. Kijana aliyelishwa tahakiki kwa miaka minne anatoka shuleni akiamini kwamba kitabu ni kitu cha kuchambuliwa, na kwamba mtihani ukishapita hakina kazi tena. Hajui raha ya kutojua kitakachotokea ukurasa ujao, kwa sababu kila kitabu alichokutana nacho alikijua mwisho kabla ya mwanzo.

Tulishasoma kwa pamoja

Katika nchi yetu, kusoma hakukuanzia kwenye chumba cha mtu mmoja. Utenzi ulighaniwa mbele ya watu. Gazeti lilisomwa kijiweni na mmoja, wakasikiliza kumi. Na hadithi ya bibi haikuanza mpaka watoto waitikie.

Kisha likaja jambo kubwa zaidi, ambalo wajukuu wengi hawajasimuliwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Vilichapwa vitabu vidogo, Radio Tanzania ikarusha vipindi, na kila mahali, mjini na kijijini, vikaundwa vikundi vyenye kiongozi. Watu walikutana, wakasikiliza redio, wakasoma au kusomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi ya mbu. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Kabla yake, mwaka 1971, kulikuwa na Wakati wa Furaha kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru. Baada yake, mwaka 1975, ikaja Chakula ni Uhai.

Vikundi hivyo vilienda sambamba na kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Vitabu vyao vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na mifugo, yaani maisha ya watu waliovisoma. Baba wa miaka hamsini alishika kalamu mbele ya jirani zake, na kijana aliyemaliza darasa la saba juzi ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

Nakumbusha haya kwa sababu ya funzo la kazi lililomo ndani yake. Kundi lilikuwa na kitabu kimoja, kwa hiyo uhaba wa nakala haukuwazuia. Asiyeweza kusoma aliketi pamoja na anayeweza, wote wakafuata jambo moja, na hakuna aliyefukuzwa kwa kutojua. Baada ya kusoma walizungumza, tena kila mtu na neno lake. Na kampeni ilikuwa na siku ya kuanza na siku ya kuisha. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloshindikana kwenye kidato cha pili cha shule ya kata.

Kitabu gani?

Chagueni kifupi, chenye kurasa 80 hadi 150. Hesabu yake ni hii: kusoma kwa sauti bila papara huchukua kama dakika tatu kwa ukurasa, hivyo dakika kumi na tano ni kurasa tano, na wiki moja ni kurasa 25. Kitabu cha kurasa 125 kitaisha kwa wiki tano, na mtakuwa na akiba ya siku za mitihani ya mwezi, michezo na mvua.

Chagueni kisichokuwa kitabu teule cha mwaka huu. Kikiwa teule, wanafunzi watatoa kalamu hata kabla hujafungua jalada. Na chagueni kile ambacho mwalimu mwenyewe amekipenda, maana watoto hugundua upesi mtu anayesoma kwa kutimiza wajibu.

Kwa kidato cha tatu na cha nne napendekeza Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Muswada wake ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Kuna mauaji, kuna mzimu unaoogopwa, na kuna Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye haamini kirahisi kwamba pepo anaua. Kiswahili chake ni cha Unguja, na baadhi ya maneno yatawapiga chenga watoto wa Bara. Wapigwe tu. Wakitaka kumjua muuaji watayatafuta wenyewe.

Kwa vidato vya chini kuna Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Mtu anayesifika kwa haki na wema anawachapa manyani wawili kila usiku. Kwa nini? Muulize mtoto wa miaka kumi na nne swali hilo saa mbili asubuhi, halafu funga kitabu, uone kama atatulia mpaka kesho.

Kwa shule za msingi, na hasa zisizo na kitu kabatini, upo mradi wa African Storybook ulioanza mwaka 2014. Una hadithi fupi nyingi za Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kuchapwa na kugawiwa bila kulipia. Hadithi kadhaa zikishonwa pamoja zinalipa darasa la tano kitabu chake.

Na shule zinazofundisha kwa Kiingereza? Anzeni na Kiswahili hivyo hivyo. Mtoto akishaonja utamu wa kitabu kwa lugha anayoota nayo, atautafuta na kwa lugha anayofanyia mtihani.

Namna ya kusoma

Mwalimu apitie sehemu ya kesho usiku wa leo, ajue wapi pa kunong'ona na wapi pa kupaza sauti, na muhimu kuliko yote, ajue wapi pa kukatia. Usikate mwisho wa sura, ambako mambo yametulia. Kata mlango unapogongwa, au barua inapofunguliwa. Wataguna. Funga kitabu, sema "itaendelea", anza somo lako. Watunzi wa hadithi za magazetini walitufundisha ufundi huo bure.

Kila siku, kabla ya kuendelea, mwanafunzi mmoja asimulie mlipoishia kwa dakika moja. Waliokosa shule jana kwa homa au kwa kuchota maji wanarudi kundini bila aibu.

Usiwalazimishe kusoma kwa zamu kufuata mistari ya madawati. Hapo ndipo tunapowapoteza. Mwanafunzi anayesoma kwa kukwamakwama anahesabu vichwa mpaka zamu yake ifike, hasikii hadithi, na ikifika wenzake wanacheka. Siku inayofuata anaumwa tumbo. Acha asikilize. Acha jicho lake lifuate mistari kwenye nakala ya jirani wakati sauti yako inasoma, maana namna hiyo ndivyo maneno yanavyomzoea bila kumtisha. Wanaopenda kusoma kwa sauti wape maneno ya wahusika: huyu Bwana Msa, yule rafiki yake Najum, wewe ubaki na masimulizi. Mtashangaa ni nani atakayeomba nafasi wiki ya tatu. Mara nyingi huwa ni mmoja wa wale wa madawati ya nyuma.

Weka kopo mezani. Kila Ijumaa anayetaka aandike kwenye kikaratasi jina la anayemshuku, au jambo analodhani litatokea, na sababu moja. Vikaratasi visisomwe mpaka siku ya mwisho. Mtoto aliyekataa kuandika insha ya kurasa mbili ataandika sababu zake tano kwa hiari, kwa kuwa sasa ana jambo la kutetea.

Maswali yawe ya watu wazima. Usiulize dhamira. Uliza: Ungekuwa wewe, ungefungua mlango? Huyu anasema kweli? Nani hapa darasani anamtetea? Waache wabishane, na wewe mwalimu ubishane nao. Waulize pia wanamchukia nani, kwa sababu mtoto anayemchukia mhusika amekwishaingia ndani ya kitabu.

Nakala nazo zisikae kabatini. Zikiwa nne au tano, ziwe mezani na daftari la kuazima, ziende nyumbani jioni na kurudi asubuhi. Watakaoshindwa kusubiri watasoma mbele kwa siri na kuja na uso wa mtu anayejua jambo. Waambie tu kwamba mwenye kufichua atafagia darasa wiki nzima.

Najua mtakachosema

Mtasema hakuna muda. Dakika kumi na tano zipo. Ziko baada ya mstarini kabla ya kipindi cha kwanza, ziko kwenye kipindi ambacho mwalimu yupo safarini na darasa linapiga kelele, ziko mchana wanaposubiri uji au makande. Walimu watatu wa darasa moja wakigawana siku, hakuna atakayelemewa.

Mtasema kisichotahiniwa hakitiliwi maanani. Lakini mtihani wa fasihi unadai hoja zenye mifano, na aliyezoea kufuata hadithi nzima, kuwapima wahusika na kutetea dai lake mbele ya wenzake ana mifano yake mwenyewe. Aliyekariri tahakiki anaandika majibu yaleyale ya wenzake mia, na msahihishaji anayajua kwa moyo.

Mtasema vitabu vitachanika. Ndiyo, vitachanika. Zipo shule ambazo vitabu vya msaada vimefungiwa ofisini vikiwa vipya kabisa, vikisubiri mkaguzi avione. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa na wanafunzi themanini kimefanya kazi yake. Kile kinacholiwa na mchwa kwenye boksi kimewaibia watoto.

Kila mtu na lake

Mkuu wa shule, tunakuomba ufunguo wa kabati na robo saa ndani ya ratiba. Vingine darasa litajipanga.

Mzazi, hata kama hujui kusoma, kila jioni uliza swali moja: leo mmeishia wapi? Halafu sikiliza. Mwanao akikusimulia atajifunza kupanga mambo kwa mfuatano, nawe utaipata hadithi bure. Na wenye mabinti, tafadhali: kama kaka anapewa saa moja ya daftari baada ya chakula, dada naye aondolewe kwenye vyombo angalau siku ya zamu yake ya kitabu.

Mhitimu, rudi ulikosoma. Makundi yetu ya WhatsApp yanachangia harusi kwa siku mbili tu. Yachangie nakala kumi za kitabu kimoja. Nasisitiza kimoja: kumi za kitabu kimoja zinalisomesha darasa kwa pamoja, wakati kumi tofauti zitaishia kupangwa rafuni. Vinunuliwe dukani au kwa mchapishaji, visirudufiwe stationari. Mtunzi naye ana watoto wa kulisha, na tunamtaka aandike kingine.

Wachapishaji na wauza vitabu, wekeni bei ya darasa: fungu la nakala kumi kwa punguzo la maana. Mnapoteza kidogo leo, mnapata wasomaji wa miaka arobaini. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, waiteni walimu wa jirani mjue wanasoma nini. Nanyi watunzi, shule iliyo karibu nanyi ikimaliza kitabu chenu, nendeni mkakae nao wawaulize maswali. Jiandaeni, kwa sababu hawatawauliza kuhusu falsafa yenu. Watawauliza kwa nini mlimuua yule mtoto.

Tuanze lini?

Wiki ya kwanza ya muhula, chagueni kitabu na mtafute nakala. Wiki ya pili, fungueni ukurasa wa kwanza. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Iwe ndiyo siku ya kumaliza, au siku ya kusherehekea kama mmemaliza mapema. Fungueni kopo hadharani, mumtangaze aliyekisia vizuri zaidi, na waalikeni wazazi wasikie kurasa tatu za mwisho zikisomwa na wanafunzi wenyewe. Gharama yake haizidi chai na maandazi.

Kisha waacheni wanafunzi wachague kitabu kinachofuata. Sitoi ahadi kwamba wote watakuwa wasomaji wa maisha. Lakini darasa zima litakuwa limemaliza kitabu, wengi wao kwa mara ya kwanza, na mtu aliyemaliza kimoja hatishiki na cha pili.

Mkishafika ukurasa wa mwisho, futeni vumbi kwenye jalada, gundisheni palipochanika, mkikabidhi kwa darasa linalofuata. Na tafadhalini sana, msiwaambie muuaji ni nani.